Kabla ya Kununua Vifaranga, Pima Kina cha Bwawa

Mwamkulu, huku Mpanda mkoani Katavi, ni nchi ya mpunga, na wakulima wake wanajua kiangazi kinavyoufanya Mto Katuma. Anayetaka kuchimba bwawa la sato karibu na majaruba yake hujiuliza kwanza kama joto linaloongezeka miaka hii litawaua samaki. Sato huvumilia nyuzi 30 bila shida. Kinachomuua ni kukosa oksijeni.

Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 25 huweza kushika takriban miligramu 8.3, yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5. Huku Mpanda, kwa sababu ya mwinuko, kiasi hicho hupungua zaidi. Na samaki naye, mwili ukipata joto, huhitaji oksijeni nyingi kuliko kawaida. Mchana mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani huizalisha, lakini usiku nayo huitumia, ndiyo maana mfugaji hukuta hasara alfajiri: sato wamepanda juu, midomo wazi, wanahema. Kambare wa bwawa hilohilo huweza kunusurika, maana ana kiungo cha kuvutia hewa ya nje.

Kuna kipimo kisichohitaji kifaa. Zamisha mkono wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mbolea imezidi: acha kuweka samadi, punguza chakula, ingiza maji mapya.

Hayo maji mapya ndiyo mtihani wenyewe. Katavi mvua hukatika karibu Mei na kurudi Novemba. Tuseme jua na upepo vinaondoa milimita 6 kwa siku: kwa miezi mitano ni sentimita 90, kabla hujahesabu yanayonywea ardhini. Bwawa la mita moja limekwisha! Ningemshauri mkulima wa Mwamkulu achimbe mita moja na nusu au zaidi, ashindilie udongo wa mfinyanzi, apandikize vifaranga mvua zinapoanza, wawili au watatu kwa mita ya mraba, kisha avune kabla kiangazi hakijakomaa.

Zanzibar imeshapita njia hii ya kutafuta kina, ingawa kule ni kwa mwani. Kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara mwaka 1989 katika fukwe kama Paje kilitegemea maji mafupi ya pwani, ambako kinamama hufunga mbegu kwenye kamba. Maji yalipozidi joto, kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, ilianza kuugua na kufa. Watafiti, akiwemo Dkt. Flower Msuya, wamehimiza kuhamishia mwani kwenye kina kirefu, ambako joto halipandi ovyo.

Mvua kubwa nazo zina hatari yake. Bwawa likifurika, sato wa kufugwa huingia Katuma na kuelekea bonde la Rukwa, ambalo lina perege wake wa asili, Oreochromis rukwaensis. Wakichanganyika wakazaana, hakuna wa kuwatenganisha tena. Kwa hiyo inua kingo na uweke wavu kwenye bomba la kutolea maji, na umwite afisa uvuvi akague eneo lako kabla hujalipia kifaranga hata mmoja.