Uvimbe Usiouma

Binadamu tumezoea kuyapima maradhi kwa maumivu. Jino likiuma twaenda kwa tabibu, tumbo likisokota twatafuta dawa usiku ule ule, na mwiba mguuni hautupi raha mpaka utoke. Walakini kitu kilichokaa kimya mwilini, kisichotuzuia kulala wala kutwanga wala kwenda sokoni, twakiacha kikae, na pengine twashukuru kwamba hakituudhi. Kipimo hiki chafaa kwa maradhi mengi, lakini kwa titi kimepinduka, maana uvimbe uumao aghalabu si wa kuogopwa sana, na ule ambao tabibu angependa kuuona leo kuliko kesho mara nyingi hauumi hata kidogo. Wanawake wengi wa Afrika ya Mashariki wafikao hospitali saratani ikiwa imekwisha kupea hawakuwa wazembe. Walikuwa na uvimbe usiowasumbua, na walikuwa na watoto, shamba, biashara na wagonjwa wengine wa kuuguza ambao waliwashughulisha zaidi.

Titi si kipande kimoja cha nyama. Ndani yake mna vifuko vidogo vitengenezavyo maziwa, vijifereji viyachukuavyo mpaka kwenye chuchu, mafuta, na nyuzi zilizoyashika yote pamoja, na vyote hivi hutii amri ya homoni, ambazo hupanda na kushuka kila mwezi. Ndiyo maana siku chache kabla ya hedhi matiti ya wengi hujaa, huwa mazito na huota vinundu ambavyo hupungua damu ikishatoka. Kwa hiyo mwanamke atakaye kulijua titi lake yafaa alipapase siku chache baada ya hedhi, wakati limetulia, na yule aliyekoma hedhi achague siku yoyote ya mwezi aipendayo. Hahitaji kanuni nyingi wala hesabu ya vidole. Azoee umbo, ngozi na uzito wake, ili badiliko likija alitambue kuwa ni geni.

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Neno hili lastahili kutangulia, kwa sababu hofu huwafungia watu ndani kuliko ujinga. Msichana wa miaka 18 au mwanamke wa miaka 25 aweza kukuta kinundu cha duara, laini pembeni, kinachomponyoka chini ya kidole kila akitaka kukishika. Hiki mara nyingi ni fibroadenoma, yaani nyama ya kawaida ya titi iliyozidi kukua mahali pamoja, ambayo ni nadra sana kugeuka saratani, nayo huachwa au hutolewa kwa kadiri ya ukubwa wake na matakwa ya mwenyewe. Mwanamke wa miaka 40 na kitu aweza kuwa na mfuko wa maji, ambao tabibu huufyonza kwa sindano ukanywea pale pale. Mama anyonyeshaye aweza kuzibwa kijifereji cha maziwa, titi likawa jekundu, la moto, lenye kuuma, na homa juu yake. Huyu aendelee kunyonyesha, atumie dawa aliyopewa, na ikiwa usaha umekusanyika, utolewe. Aliyegongwa kifuani aweza kubakiwa na donge la mafuta yaliyokufa. Hata kifua kikuu, mara chache, hujificha titini. Ila nasisitiza jambo moja: titi jekundu lililovimba, la mnyonyeshaji au la mwingine, ambalo halikupoa baada ya wiki moja au mbili za dawa, lirudishwe kwa tabibu bila kusita, kwa kuwa ipo saratani ijayo kwa sura hiyo hiyo ya joto na wekundu, nayo huenda mbio kuliko nyingine.

Uvimbe wa kushughulikiwa ni upi basi? Ni donge jipya lisiloondoka baada ya hedhi moja kupita, hasa likiwa gumu, lisilo na mipaka dhahiri, lililoshikamana na ngozi au na nyama ya kifua. Walakini saratani haiji kwa donge peke yake. Huja kwa ngozi iliyoingia ndani ikafanya kibonyeo mwanamke anapoinua mkono. Kwa ngozi iliyonenepa yenye vitundu vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Kwa chuchu iliyokuwa imesimama tangu ujana ikaanza kurudi ndani. Kwa damu itokayo chuchuni yenyewe bila kukamuliwa. Kwa ukurutu wa chuchu moja usiosikia mafuta wala dawa ya kupaka. Au kwa tezi ya kwapani iliyovimba bila kidonda chochote mkononi. Maumivu yakiwapo hayazifuti dalili hizi, na yasipokuwapo hayazipunguzi uzito.

Naomba ruhusa ya kutoka kando kidogo. Husemwa mara kwa mara kwamba haya ndiyo iwazuiayo wanawake wetu kusema habari za matiti yao, nami sikubali kabisa. Watu wa pwani walikuwa na somo na kungwi, ambao walimkalisha mwari ndani wakamfundisha hedhi, usafi, ndoa na uzazi kwa maneno yasiyofichaficha, na hakuna aliyewaona kuwa watovu wa adabu. Ulimi upo na mahali pa kusemea papo; kilichokosekana ni elimu hii mpya kuingizwa katika mafunzo yale ya kale. Vinavyowazuia wanawake, kwa maoni yangu, ni vitu vingine: nauli, ruhusa ya kuacha nyumba, hofu ya kukatwa titi na kuachwa na mume, na kadhalika mhudumu wa kwanza waliyemwendea, ambaye alitazama upesi, akatoa vidonge vya maumivu, akasema hakuna neno. Huyu wa mwisho hatajwi vya kutosha. Mwanamke aliyeambiwa hakuna neno hana sababu ya kurudi, na miezi sita ikipita uvimbe ule ule huwa na neno kubwa.

Ipo pia itikadi iliyoenea kutoka Lamu hadi Kigoma kwamba uvimbe ukiguswa na chuma, sindano au kisu, husambaa mwili mzima. Si vigumu kuona ilikotoka. Mtu akichelewa mpaka ugonjwa umeshafika kwenye mifupa na mapafu, kisha akapasuliwa, naye akafa baada ya muda mfupi, waliobaki hulaumu kisu, kwa sababu kisu walikiona na safari ya maradhi ndani ya damu hawakuiona. Ukweli ni kwamba bila sindano hakuna ajuaye kwa yakini. Kidole cha tabibu hukisia. Ultrasaundi, ambayo huwafaa zaidi vijana kwa kuwa matiti yao ni mazito, hutofautisha maji na nyama. Mamografia, yaani eksirei ya matiti, huonyesha hata kile kisichopapasika. Na baada ya hapo huchukuliwa kinyama kidogo kwa sindano nene, mahali palipotiwa ganzi, kikatazamwa maabarani. Mgonjwa ana haki ya kuuliza mambo mawili juu ya majibu hayo: je, ni saratani, na ikiwa ndiyo, je, imepimwa kama inalishwa na homoni na kama ina kipokezi kiitwacho HER2? Bila jibu la swali la pili, tabibu huchagua dawa kwa kubahatisha. Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha kwamba uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike. Kwetu siku hizo mara nyingi humezwa na safari ya kinyama peke yake kati ya wilaya na maabara ya mbali.

Sasa nije kwenye kisu chenyewe, ambacho historia yake yastahili kusimuliwa. Mwaka 1811 mwandishi wa Kiingereza Fanny Burney alikatwa titi mjini Paris bila dawa ya usingizi, akaandika yaliyompata katika barua kwa dada yake, na akaishi mpaka mwaka 1840. Katika miaka ya 1890 mpasuaji William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, aliamini kwamba saratani hutambaa kwa utaratibu kutoka titini kwenda kwapani na mbele yake, kwa hiyo ukiondoa eneo kubwa zaidi utaushinda ugonjwa. Akaliondoa titi, na misuli ya kifua, na tezi za kwapa zote kwa pamoja. Kwa muda wa miaka zaidi ya 70 hiyo ndiyo ikawa sheria, na wanawake wasiohesabika wakabaki na mbavu zilizochomoza chini ya ngozi na mikono iliyovimba. Bernard Fisher wa Pittsburgh ndiye aliyeuliza swali ambalo wakubwa wake hawakulipenda: vipi ikiwa maradhi haya hupita mapema kwenye damu, na kisu kipana zaidi hakiwezi kuyafikia? Hakubishana kwa maneno, bali aliwagawa wagonjwa kwa kura, baadhi wakakatwa titi zima, baadhi wakaondolewa uvimbe tu, wakiwemo waliopigwa mionzi baada yake. Umberto Veronesi alifanya kazi ya namna hiyo Milan. Majibu ya miaka 20 ya wote wawili yalitolewa mwaka 2002, na yalikuwa mamoja: walioondolewa uvimbe wakapigwa mionzi waliishi muda sawa na waliopoteza titi zima.

Mbona basi wengi wetu bado hukatwa titi lote? Sababu ya kwanza ni ukubwa wa uvimbe wanaofika nao. Sababu ya pili haisemwi sana, nayo ni kwamba kuondoa uvimbe bila mionzi ni nusu ya tiba, na mionzi haipatikani kila mkoa. Tanzania, kwa miaka mingi, mgonjwa alilazimika kufunga safari mpaka Ocean Road, jijini Dar es Salaam, katika majengo yaliyojengwa ufukweni zama za Wadachi na ambayo mwaka 1996 yalifanywa taasisi ya saratani kwa sheria. Baadaye hospitali ya Bugando, Mwanza, ikawapunguzia watu wa Kanda ya Ziwa mwendo huo. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi, pale hospitali ya Mulago, nayo ilipoharibika mwaka 2016 wenye uwezo walikwenda Nairobi, na wasio nao wakangoja. Mwanamke akaaye mbali, asiye na jamaa wa kumpokea mjini kwa wiki tatu au tano za mionzi, hufanya hesabu ya busara akichagua kukatwa titi zima, na asilaumiwe.

Dawa nazo zimetoka mbali. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi alivyowaondolea ovari baadhi ya wagonjwa wake akaona uvimbe ukipungua, kabla mtu yeyote hajajua homoni ni nini. Uzao wa ugunduzi ule ni kidonge cha tamoksifeni, ambacho huifungia saratani mlango wa chakula chake. Trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huwafaa wenye HER2, na mwaka 2015 iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, ingawa bei yake haijawa ya maskini. Wale ambao saratani yao hailishwi na homoni wala haina HER2, na aina hii huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Kiafrika, hutegemea hasa kisu, mionzi na dripu za kemikali. Dripu hizo huweza kutolewa kabla ya upasuaji ili kuupunguza uvimbe. Nywele hunyonyoka, na huota tena. Kichefuchefu kina dawa. Homa ndiyo hatari. Kwetu homa yoyote huitwa malaria ikatibiwa nyumbani, lakini mtu aliye katika dripu za saratani, ambaye kinga yake imeshuka, akipata homa usiku apelekwe hospitali usiku huo huo.

Juu ya chanzo nisiseme mengi. Umri, ukoo wenye ugonjwa huu, pombe na unene baada ya kukoma hedhi huongeza hatari, na kunyonyesha huipunguza. Noti na simu ziwekwazo ndani ya sidiria hazina dhambi hiyo. Wanaume nao wana titi, na katika kila wagonjwa 100 mmoja hivi ni mwanamume, ambaye hushangaa kuliko wote.

Baada ya tiba, aliyepasuliwa kwapa aanze kuinua mkono na kutambaza vidole ukutani mapema, kama aelekezwavyo, usije ukakakamaa, na auhifadhi mkono huo na majeraha ya jembe na ya jikoni, kwa sababu mkono uliotolewa tezi huvimba upesi. Anayemeza tamoksifeni humeza kila siku kwa miaka 5, pengine 10, na wengi huiacha njiani kwa kuwa wanajiona wazima, hali kazi yake ni kuwaweka wazima. Ikimletea joto la ghafula au hedhi iliyovurugika, alieleze hilo kliniki badala ya kuiacha kimyakimya. Na akitaka mtoto aseme mapema, maana kidonge hicho hudhuru mimba, na hupasa kisimamishwe kwa mpango wa tabibu miezi kadhaa kabla hajaitunga.