Tezi Ndogo Chini ya Ubongo na Ujumbe Inaotumiwa

Mama mmoja wa kikundi cha akina mama alituletea swali, akasema ni la jirani yake. Huyo jirani ameolewa miaka sita na hajapata mtoto. Mwaka jana damu yake ya mwezi ilikoma. Halafu maziwa yakaanza kumtoka kwenye matiti, na mimba hana. Kwa mume wanasema amerogwa, na maneno ya kumrudisha kwao yameanza. Je, kuna ugonjwa kama huo?

Ndiyo, mama, upo, na mara nyingi unatibika kwa tembe. Lakini kuuelewa lazima kwanza tuiangalie tezi moja ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia.

Nyuma ya pua, katikati ya macho, chini kabisa ya ubongo, kuna tezi inayoitwa pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere, na uzito ni karibu nusu gramu tu. Kadogo hivyo, lakini inaamuru kukua kwa mtoto, maziwa ya mama, hedhi, mbegu za mwanamume, na nguvu za mwili. Inafanya hayo kwa kumwaga homoni kwenye damu.

Sasa chukua mfano wa mradi wetu wa maji. Kamati iko huku juu, na mtunza mfereji yuko kule kwa tangi. Kamati humtumia vikaratasi: fungua, punguza, funga. Yeye hajiamulii. Pituitari ndiye mtunza mfereji. Kamati ni sehemu ya ubongo iliyo juu yake, haipothalamasi. Vikaratasi vingi kati ya hivyo ni nyuropeptaidi, yaani vipande vidogo sana vya protini ambavyo seli za ubongo hutumia kupeleka habari.

Wanasayansi walivitafuta kwa jasho. Roger Guillemin na wenzake kule Marekani walisaga sehemu hiyo ya ubongo kutoka kwa mamia ya maelfu ya kondoo ili wapate chembe tu. Mwenzake na mshindani wake, Andrew Schally, alitumia nguruwe. Mwaka 1977 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwaka 1973 kikundi cha Guillemin kilikuwa kikitafuta kikaratasi cha “fungua” cha homoni ya kukua, kumbe wakaangukia kile cha “funga”. Wakakiita somatostatini.

Kile cha “fungua”, kinachoitwa GHRH, kilipatikana mwaka 1982, na si kwenye ubongo. Katika jimbo la Virginia kulikuwa na mwanamke kijana ambaye mikono, miguu na uso vilikuwa vikizidi kukua. Madaktari walimpasua pituitari wakidhani uvimbe uko huko. Walikuta tezi imejaa tu, haina uvimbe, na ugonjwa ukaendelea. Baadaye ndipo uvimbe ukaonekana kwenye kongosho, tumboni. Huo ndio uliokuwa ukiandika vikaratasi vya “fungua” mchana na usiku. Ulipotolewa, homoni ikarudi chini. Mtunza mfereji alikuwa hana kosa. Alikuwa akitii barua za uongo.

Visa vya namna hiyo ni vichache sana. Kwa kawaida kosa huwa ndani ya tezi yenyewe. Seli moja inaharibika, inazaana, na uvimbe unatokea. Mwaka 1989 ilionekana kwamba katika uvimbe mwingi wa homoni ya kukua, ile sehemu ya seli inayopitisha ndani amri ya “fungua” imekwama. Seli inafanya kazi kana kwamba kikaratasi kimefika, na hakuna aliyekituma. Uvimbe huu kwa kawaida si saratani, hausambai mwilini. Lakini ukikua unasukuma mishipa ya macho iliyo juu yake, na mtu anaanza kutoona pembeni. Anagonga mlango kwa bega, au anashtuka boda boda ikimpita karibu.

Faida ya kujua vikaratasi ni kwamba madaktari wamejifunza kuviiga. Somatostatini ya mwili hudumu dakika chache tu kwenye damu, kwa hivyo haifai kuwa dawa. Ikatengenezwa inayofanana nayo, oktreotaidi, inayodumu muda mrefu zaidi, na siku hizi kuna sindano yake ya mara moja kwa mwezi. Ni ya bei ghali, tusidanganyane. Kwa uvimbe wa homoni ya kukua, mara nyingi upasuaji kupitia puani huja kwanza.

Turudi kwa jirani yetu. Homoni ya maziwa inaitwa prolaktini, na amri yake ya “funga” ni dopamini. Dopamini si peptaidi, lakini inatoka kule kule kwa kamati. Dawa zinazoiiga ni bromokriptini na kabagolini. Kwa wagonjwa wengi maziwa hukauka, uvimbe hunywea, hedhi hurudi, na wako waliopata watoto bila kupasuliwa kichwa.

Lakini asikimbilie kununua tembe dukani. Aende kwa tabibu. Kwanza apimwe mimba. Aeleze dawa zote anazotumia, maana baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za ugonjwa wa akili huongeza prolaktini, asiziache mwenyewe. Kisha aombe damu ipimwe prolaktini pamoja na homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni. Hii ya mwisho msiidharau. Thairoidi ikilegea, ubongo hutuma kwa wingi ujumbe mwingine wa peptaidi, TRH. Ujumbe huo huivimbisha pituitari na kuleta maziwa, hata picha ya kichwa ikafanana na ya uvimbe. Tiba yake ni tembe za thairoidi, si kisu. Na kinachotoka kikiwa na damu, au kikitoka titi moja tu, hiyo ni habari nyingine. Achunguzwe titi lenyewe haraka.

Mume naye aende. Wanaume pia hupata uvimbe huu, na kwao dalili huwa ni kupungua nguvu za kiume na kuumwa kichwa, mambo ambayo mzee hamwambii mtu.

Na kama kikundini yuko mtu ambaye pete imekataa kutoka kidoleni, viatu vinambana kila mwaka ingawa ni mtu mzima, na taya linatokeza mbele, mwambieni abebe kitambulisho chake cha zamani akienda hospitali. Daktari akiilinganisha ile picha na uso ulio mbele yake, atajua aanzie wapi.