Mninga Uliokwisha Kutulia: Kabati Kuukuu na Chumba cha Kulia

Kabati la droo la mninga lililonunuliwa miaka thelathini iliyopita kwa ajili ya nguo huwa na safari inayojulikana. Kwanza hukaa chumbani kwa wazazi na kioo chake juu. Kioo kikivunjika, kabati husogezwa kwa watoto, na mwisho hutupwa stoo au barazani, likibeba ndoo na magunia, hadi siku mtu atakapolitazama na kusema liuzwe au lichanjwe kuni. Familia hiyohiyo baadaye huenda kwa fundi seremala kuagiza kabati jipya la vyombo. Makala haya yanatetea njia nyingine. Kwa mkazi wa Mandewa, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, kabati lile la zamani linafaa chumba cha kulia kuliko jipya la bei ya kawaida. Kumbukumbu ya familia ina thamani yake na urembo una thamani yake, lakini hoja yangu kubwa ni nyingine: mbao za kabati hilo zimekwisha kukauka na kutulia katika hewa ya hapahapa.

Mti ukikatwa huwa umejaa maji, na mbao zake huendelea kuyapoteza hadi zilingane na hewa inayozizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya pwani wakati wa masika, huiacha mbao na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa yenye unyevu wa asilimia 45 huishusha hadi asilimia 8 au 9. Mbao inapopoteza maji hayo husinyaa, na inapoyapata tena hutanuka. Hapo ndipo zinapotokea nyufa za milango, maungio yanayoachana na droo zinazokwama. Singida iko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miezi inayobaki ni kiangazi cha upepo mkavu, upepo uleule unaofanya Singida itajwe kila panapozungumzwa umeme wa upepo nchini. Kabati jipya la mbao ambazo hazikuanikwa vya kutosha litamalizia kukauka ndani ya nyumba yako. Ubao wa juu utapinda, gundi itaachia, na lawama zote zitamwangukia fundi, ingawa mara nyingi kosa lilianzia kwenye mbao zilizouzwa mbichi. Kabati lililokaa Mandewa miaka thelathini limepita kiangazi mara thelathini. Bado litatanuka na kusinyaa kidogo kila mwaka, lakini palipotaka kupasuka pameshapasuka, na ufa huo unauona kwa macho kabla hujatoa hata shilingi.

Mninga wenyewe huongeza nguvu ya hoja hii. Ni miongoni mwa mbao za Afrika zinazosinyaa kidogo sana zinapokauka, na kiini chake chenye rangi ya kahawia hustahimili wadudu na kuoza. Mti huu hukua taratibu mno. Mche wa mninga kwa miaka kadhaa hunyauka juu kila kiangazi huku ukijenga mzizi ardhini, na ndipo unapopata nguvu ya kupanda juu na kuhimili moto wa nyika. Kufikia unene wa kupasuliwa mbao huuchukua miongo mingi, pengine karibu karne nzima. Mwezi Novemba 2022, mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliiweka miti yote ya jamii ya mninga iliyoko Afrika, pamoja na mkongo, kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa vibali. Hatua hiyo haimkatazi fundi wa Singida kutumia mninga uliovunwa kihalali, lakini inaonyesha hali ya misitu ya miombo ilivyo. Kuchanja kuni kabati la mninga ni kuchoma kitu ambacho mjukuu wako huenda asikipate kwa bei anayoiweza.

Lipo pingamizi la gharama, nalo ni la haki. Msasa, vanishi, gundi, droo za kurekebishwa na ujira wa fundi vinaweza kujumlishwa vikakaribia bei ya kabati jipya dukani. Lakini lazima tuulize hilo jipya limetengenezwa kwa nini. La bei nafuu huwa la chipbodi au MDF iliyobandikwa karatasi yenye michoro ya mbao. Kwenye ukingo, maji yakishaingia chini ya karatasi hiyo, ubao hufura na haurudi. Skrubu ya bawaba iking'oka, tundu lake huwa gumu kushika tena. Jingine la bei ya kati huwa la paina, ambayo kwa sehemu kubwa huvunwa katika mashamba ya miti kama Sao Hill, Mufindi. Paina ni mbao nzuri kwa kenchi, lakini ni laini, na kwenye kabati la vyombo kila sufuria iliyoburutwa itaacha alama. Kwa hiyo ulinganisho wa kweli ni kati ya mninga uliotengenezwa upya na mninga mpya mkavu, na hapo sidhani kama kuna fundi atakayesema kwamba la pili ni rahisi.

Pingamizi la pili ni bungua. Wengi wakiona vitundu na unga mweupe hukata tamaa, wakidhani kabati zima limeliwa. Tazama vizuri vitundu viko wapi. Bungua wa aina hii hufuata wanga, na wanga uko kwenye sehemu ya nje ya gogo, ile nyeupe, ambayo mafundi wasio waangalifu huiacha kwenye mbao ili wasipoteze upana. Kiini cha kahawia hukiacha. Fagia unga wote, tandika karatasi chini, usubiri wiki chache. Unga mpya usipoonekana, huenda wadudu walishahama zamani na vitundu vizibwe tu. Ukionekana, kipande cheupe kikatwe na kipachikwe kingine, au kitibiwe kwa dawa ya mbao iliyoidhinishwa, kisha kabati likae nje hadi harufu iishe. Ninachokikataa kabisa ni oili chafu ya gari. Inatumika kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa, lakini haina nafasi kwenye kabati litakalobeba sahani za chakula.

Kazi ya kwanza, basi, ni matengenezo, na vanishi huja mwishoni. Droo ya nguo haikutengenezwa kubeba vyombo. Sahani ishirini na nne za udongo, kila moja karibu nusu kilo, ni mzigo wa kilo kumi na mbili juu ya kipande cha plaiwudi ambacho mara nyingi hakizidi milimita 4. Badilisha kitako hicho kwa plaiwudi ya milimita 9, uongeze fito chini yake, na sahani nzito uziweke droo ya chini kabisa ili kabati lisielemee mbele droo ikivutwa. Maungio yaliyolegea yafunguliwe, gundi ya zamani ikwanguliwe, yagundishwe upya na kubanwa kwa klempu hadi yakauke. Kupigilia misumari juu ya ungio lililolegea ni njia ya mkato inayopasua mbao. Droo ikirekebishwa wakati wa kiangazi iachiwe nafasi ya milimita mbili au tatu, kwa sababu Januari itatanuka. Njia zake zipakwe nta ya nyuki, ambayo Singida, mkoa wa wafugaji nyuki, haina haja ya kuiagiza mbali.

Kabla ya kugusa uso wa kabati, jua lilipakwa nini. Tone la spiriti likiyeyusha mng'ao, hiyo ni polishi ya kizamani. Thina ikiuyeyusha, ni lakeri ya kupulizia. Visipofanya lolote, yaelekea ni vanishi ngumu itakayohitaji kukwanguliwa. Kama kabati lilipakwa rangi ya mafuta miaka mingi iliyopita, chukua tahadhari ya risasi iliyokuwa ikichanganywa kwenye rangi nyingi za zamani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Rangi ya namna hiyo isipigwe msasa mkavu. Ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, mbali na watoto na mahali pa kupikia, na mabaki yakusanywe yote. Hata vumbi la mbao tupu si la kudharau. Mwaka 1995 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, uliliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ni sehemu ya zana, sawa na randa. Msasa uanze namba 120, ufuatwe na 180, kisha 240, daima ukifuata nyuzi za mbao, na uishie pale uchafu unapoisha. Makovu madogo yaache. Anayesugua hadi mbao iwe kama mpya hupunguza unene ambao haurudi.

Kuhusu mpako wa mwisho, wapo watakaouliza kwa nini tusitumie mafuta ya alizeti, zao ambalo Singida inajulikana kwalo nchini. Swali ni zuri, kwa sababu mafuta hayo kweli hukauka, ila kwa uvivu. Ya kupikia yakipakwa mazito hubaki yanananata kwa muda mrefu na kuvuta vumbi. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hukauka vizuri zaidi na huifufua rangi ya mninga, lakini matambara yaliyofutia mafuta hayo yakirundikwa huweza kupata moto yenyewe, kwa hiyo yatandazwe nje yakauke. Nta ya nyuki hupendeza ubavuni na ndani ya droo, lakini huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na sufuria ya ugali iliyotoka jikoni imepita hapo mbali. Juu ya kabati, mahali pa bakuli la mlenda na mchuzi wa kuku, naona hakuna kinachozidi mikono mitatu myembamba ya vanishi ya poliyurethani, kila mmoja ukikauka na kusuguliwa kidogo kabla ya unaofuata. Hata hivyo, kitambaa kinene au kibao kiwekwe chini ya kila chombo cha moto.

Upepo wa Singida unaokausha mbao ndio huohuo unaopeperusha vumbi kwenye vanishi mbichi. Vanishi ipigwe asubuhi mapema, ndani ya chumba kilichofagiwa na kupanguswa jana yake, upepo ukiwa bado haujaamka, na dirisha la upande usio na upepo liachwe wazi ili mpigaji apate hewa. Mwenye kabati kama hili Mandewa alitoe stoo mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na mbao zimeanza kukauka, ampe fundi muda wa kutosha, na asipange sahani humo kabla ya wiki tatu kupita tangu mkono wa mwisho wa vanishi.