Gurudumu la Nyuma Linapoanza Kunguruma

Iwapo nyumbani kwako yumo mtu anayepata riziki yake kwa pikipiki, au iwapo wewe mwenyewe humpakia mkeo na mtoto mchanga kuwapeleka kliniki kabla ya kuwahi kazini, tafadhali sikiliza kwa makini mlio wa gurudumu la nyuma. Hatuzungumzii mlio wa injini wala wa mnyororo, bali ule mngurumo mzito wa chini, mithili ya mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, ambao huzidi kadiri mwendo unavyozidi na hauondoki hata ukiweka nyutro mteremkoni. Huo aghalabu ni mlio wa beringi iliyokwisha, na mara nyingi huanza kusikika siku nyingi kabla gurudumu halijaanza kuyumba.

Beringi ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na baina yake zimo gololi zinazobingirika katika mfereji uliosuguliwa hadi kung'aa. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, huko Wales, alipewa hataza ya kutia gololi katika ekseli ya gari la kukokotwa na farasi. Gololi hizo hutenganishwa na chuma kwa utando mwembamba mno wa grisi. Utando ukitoweka, chuma husaga chuma, na unga wake huendelea kusaga kilichobaki.

Watu wengi hudhani kwamba beringi huuawa na mwendo wa kasi au mzigo. Mzigo una sehemu yake, hasa pale abiria wawili na gunia la mkaa wanapowekwa juu ya tairi moja. Hata hivyo, tukichunguza beringi zinazotupwa chini ya miti ya mafundi wetu, nyingi zina kutu ndani, na nyingine zimekufa zingali mpya. Zile za kutu zimeuawa na maji. Zile mpya zimeuawa na nyundo.

Tuanze na maji. Mwendeshaji ametoka Magomeni, breki zimefanya kazi njia nzima na kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu, kimepata moto. Anafika Jangwani wakati wa masika, naye anaingia katika maji yaliyofika nusu ya gurudumu. Habu hupoa ghafla, hewa iliyomo ndani hunywea, na badala yake maji machafu hufyonzwa kupitia kwenye sili. Pampu ya kuoshea vyombo hufanya jambo hilohilo kwa nguvu zaidi. Kijana anayeelekeza mdomo wa pampu katikati ya gurudumu ili ling'ae huondoa tope la nje na kulisukumia ndani. Habu yafaa ioshwe kwa kitambaa na ndoo, ikiwa imekwisha poa.

Namna ya kupima ni rahisi, na hata mtoto wa shule aweza kukusaidia. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, shika tairi juu na chini, kisha litikise ubavuni. Likicheza peke yake, beringi imelegea. Uma wa nyuma ukicheza pamoja nalo, basi ugonjwa uko kwenye bushi za uma, nawe usikubali kuuziwa beringi. Kisha toa mnyororo na uzungushe gurudumu taratibu huku kiganja kikiwa juu ya uma. Beringi nzima hupita kimya, na iliyoharibika hukwaruza kama yenye mchanga.

Unapokwenda Kariakoo kununua, usitaje aina ya pikipiki pekee. Soma tarakimu zilizochongwa kwenye beringi ya zamani. Mbili za mwisho hueleza tundu la ndani: 02 ni milimita 15, 03 ni milimita 17, na kuanzia 04 zidisha kwa tano, yaani 04 ni milimita 20 na 05 ni milimita 25. Kwa hiyo 6203 na 6303 huingia katika ekseli moja ya milimita 17, lakini ya kwanza ina upana wa nje wa milimita 40 na ya pili 47. Tazama pia herufi. ZZ ni vifuniko vya bati, ambavyo huzuia vumbi na kuyaacha maji yapite. 2RS ni mpira pande zote mbili, na kwa barabara zetu ndiyo ya kuchagua. Nunua zote kwa pamoja, na sili zake. Kumbuka kwamba pikipiki nyingi zina beringi ya tatu ndani ya kishikio cha spoketi, ambayo husahauliwa kila mara.

Sasa nyundo. Beringi ya zamani hutolewa kwa kugonga pete ya ndani kutoka upande wa pili, kidogo huku na kidogo kule. Pigo hilo hupita katika gololi na kuacha mashimo madogo mferejini, kwa hiyo iliyotolewa hivyo hairudishwi. Mpya lazima igongwe kwenye pete ya nje tu, kwa kutumia soketi pana inayokaribia ukubwa wa pete hiyo. Fundi akiweka tindo kwenye pete ya ndani, mzuie palepale, hata kama ni shemeji yako. Kazi huwa nyepesi beringi ikilazwa usiku kucha ndani ya kopo lililofungwa kwenye friza (kwa ruhusa ya mwenye samaki wake) na habu ikianikwa juani. Sauti ya nyundo ikibadilika kuwa nzito, beringi imefika mwisho.

Kabla ya kutia ya pili, rudisha bomba fupi la chuma linalokaa katikati. Kazi yake ni kupokea nguvu ya nati. Likiachwa nje, nati hubana pete za ndani zikaribiane, na beringi mpya hufa ndani ya siku chache.

Beringi ya 2RS huja na grisi yake. Ile ya wazi ishindiliwe kwa kidole gumba, lakini nafasi iliyo ndani isijazwe zaidi ya nusu, maana grisi nyingi huzungushwa bure na kuzalisha joto. Usichanganye grisi ngeni na ya zamani. Safisha kwanza kwa mafuta ya taa na uache ikauke.

Iko hali moja ambayo beringi mpya haiwezi kuiponya, nayo ni pale pete ya nje ilipozunguka ndani ya habu na kulipanua tundu. Mafundi wengine hulijaza kwa kipande cha kopo la soda. Kipande hicho husagika, gurudumu hurudi kuyumba, na anayekaa juu yake ni abiria. Hapo badilisha habu.

Ukimaliza, tia pini mpya kwenye nati ya ekseli ikiwa pikipiki yako ina tundu la pini, endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, kisha simama uguse habu kwa mkono. Ikiwa vuguvugu, endelea na safari. Ikiwa haishikiki, fungua tena, anzia kwenye bomba la katikati.