Je, Wajua? Kamera ya Mfukoni na Viboko wa Sitalike

Je, wajua kwamba kamera ya kwanza ya dijitali ilikuwa na uzito wa kilo 3.6? Aliiunda mhandisi kijana wa Kodak, Steven Sasson, mwaka 1975. Ilimeza betri 16, ikapiga picha isiyo na rangi yenye nukta 10,000 tu, kisha ikatumia sekunde 23 kuiandika picha hiyo moja kwenye kaseti! Leo kamera ya gramu 240 inazama mfukoni mwa shati lako, na picha yake ina nukta milioni 20. Hiyo ni mara 2,000.

Na Kodak yenyewe? Mwaka 2012 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Jina lake lingali kwenye kamera za bei nafuu za PIXPRO, ila inayozitoa ni kampuni nyingine, JK Imaging, iliyokodishwa jina hilo.

Haya, shika hili: kamera kuu za Curiosity, gari la NASA lililotua Mars Agosti 2012, zina megapikseli 2 tu kila moja, yaani nukta milioni 2. Mbili! Mars yote ile tunayoistaajabia, na muuza duka anakuambia megapikseli 16 hazitoshi.

Unataka kusafisha picha ya kawaida ya albamu, ile ya inchi 4 kwa 6? Megapikseli 2 na kidogo zinatosha kabisa. Ya ukubwa wa karatasi ya A4, inayotundikwa sebuleni, inataka karibu 9. Kamera za mtumba za miaka ya 2010 karibu zote zinazidi hapo, kwa hiyo namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi isikutoe pesa.

Kinachobeba picha ni kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Katika kamera nyingi ndogo kina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6, yaani kinaenea juu ya ukucha wa kidole chako cha mwisho na nafasi inabaki. Nukta milioni 20 zimebanana humo!

Na bado kuna kichekesho. Kihisi kinachoitwa cha "inchi 1" hakina inchi moja popote: upande wake mrefu ni milimita 13.2, kama nusu inchi. Jina lilirithiwa kutoka enzi za mirija ya kioo ya kamera za televisheni, iliyopimwa kwa unene wake wa nje. Lakini usikidharau, kwa sababu eneo lake ni mara 4 ya kile kidogo, na jioni giza likianza kuingia utaiona tofauti kwa macho yako. Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, ilikuwa nacho. Ukiipata nzima sokoni kwa bei inayolingana na mfuko wako, mimi nasema ichukue.

Je, wajua kwamba kila nukta ya kihisi huona rangi moja tu? Nyekundu, kijani au buluu, basi. Nusu ya nukta zote ni za kijani! Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer, naye mtu wa Kodak, na ukapewa hataza mwaka 1976. Rangi nyingine kamera inazikokotoa yenyewe, nawe unashangaa jinsi kanga ya dada ilivyotoka vizuri.

Sasa twende porini. Wewe wa Litapunga una bahati ambayo watu huvuka bahari kuitafuta: Sitalike, lango la Hifadhi ya Katavi, iko humuhumu wilayani Nsimbo. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974 na ina kilomita za mraba 4,471. Kiangazi kikikaza, viboko hujazana kwa mamia kwenye madimbwi ya mto Katuma, mgongo juu ya mgongo.

Piga hesabu hii nami. Simama mita 100 kutoka kwa kiboko na simu ya kawaida: picha yako itaingiza upana wa mita kama 140, na kiboko atakuwa kidoa. Shika Canon PowerShot SX740, kamera ndogo ya gramu 299 inayovuta mara 40. Ukiivuta hadi mwisho, picha inaingiza upana wa mita 3.75 tu. Kiboko aliyekomaa ana urefu wa mita 3 na nusu hivi. Anaijaza picha kutoka pua mpaka mkia, na wewe hujasogea hata hatua!

Na usisogee. Kiboko nchi kavu hukimbia kilomita 30 kwa saa.

Ila angalia sana: kuvuta ni kwa namna mbili. Lenzi inapovuta, hupotezi kitu. Zumu ya dijitali ni mkasi tu: ukivuta mara 2, megapikseli 16 zinabaki 4, ukivuta mara 4, inabaki 1. Boksi likiandika "mara 40", uliza ni ya lenzi au ya mkasi.

Flashi ya kamera ndogo inafika mita 3 hadi 5 tu. Ukiiwasha kumwangazia kiboko aliye mita 60, umeunguza betri bure. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyepiga picha za wanyama usiku katika nchi yetu na kuzitoa kitabuni mwaka 1905, alilipua unga wa magnesiamu. Alipiga kwenye vioo, kimoja kwa picha moja!

Wajua ndorobo wanapenda rangi gani? Buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili, na ndizo rangi za mikoba mingi ya kamera. Katavi ina ndorobo wa kutosha, basi chukua mkoba wa kaki.

Unapanda treni ya Mpanda kwenda Tabora? Ikienda kilomita 36 kwa saa, inasogea mita 10 kila sekunde. Ukipiga dirishani kwa kasi ya 1/50, treni imeshasogea sentimita 20 kabla picha haijafungwa. Kwa 1/1000, sentimita 1 tu. Chagua kamera inayokuruhusu kuipanga kasi hiyo mwenyewe, au yenye alama ya mkimbiaji.

Unaelekea Karema, kando ya Ziwa Tanganyika? Kamera ndogo za kuzamisha majini, kama PIXPRO WPZ2, huvumilia kina cha mita 15. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470. Funga kamba mkononi!

Umeme ndiyo habari kubwa kwa msafiri. PIXPRO FZ45 hutumia betri 2 ndogo za AA, zile za saa ya ukutani, zinazopatikana karibu kila duka la kijijini. Kamera nyingine zinachajiwa kwa waya wa USB, kwa hiyo sola ya nyumbani inatosha. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye begi la mizigo. Zinakaa na wewe.

Kadi ya memori ya GB 32 ina uzito wa gramu 2 na inabeba zaidi ya picha 6,000 za MB 5. Hiyo ni zaidi ya mikanda 160 ya zamani ya picha 36! Lakini kamera nyingi za kabla ya mwaka 2006 hazisomi kadi inayozidi GB 2. Nenda sokoni na kadi yako, ichomeke, piga, ivute lenzi mpaka mwisho, kisha iangalie picha hapohapo kabla hujatoa hela.

Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilipeleka sokoni kamera ndogo zaidi ya milioni 100. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Zile milioni nyingi za zamani zimelala kwenye makabati ya watu, nyingi zikiwa nzima. Waulize ndugu zako wa mjini kabla hujanunua.