Jasho Linalodondoka Ni Hasara

Msomaji mmoja wa Doldol, aliyepata kazi Mombasa, ametuletea swali lililonifurahisha. Anajiandaa kwa mbio za Lewa za mwezi Juni, kilomita 21, na ameanza mdogomdogo, jioni, kwenye bustani ya Mama Ngina yenye mibuyu, karibu na kivuko cha Likoni. Kwao Laikipia Kaskazini alikuwa akipanda vilima bila kuhema sana. Pwani ni tambarare na hewa ni tele, lakini kilomita tatu tu zinamwacha hoi. Vipi tena?

Kuhusu hewa hajakosea, wala sitakawia hapo. Nanyuki, mji wa jirani na kwao, uko karibu mita 1,950 juu ya bahari, na pumzi ya huko ina kama asilimia 80 tu ya oksijeni ya pumzi ya Mombasa. Figo hulihisi pengo hilo, hutoa homoni ya erithropoietini, na uboho huongeza chembe nyekundu. Kwa hiyo ameshuka Pwani na damu nzuri.

Kinachomshinda ni joto lake mwenyewe. Misuli ni mbadhirifu: katika nishati inayochoma, kama robo tu ndiyo huwa mwendo, nyingine yote ni joto. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 10 huchoma kilokalori 600 hivi, na kama 450 kati ya hizo ni joto tupu. Lisingetoka, mwili ungepanda nyuzi 9. Tano zinatosha kuua.

Sasa tazama mtungi wa udongo. Maji hupenya vinyweleo vyake, hutokeza nje kama unyevu, na yakigeuka mvuke huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi huuza maji kidogo ili upoze mengi. Ngozi nayo ni mtungi. Lita moja ya jasho, ikikauka yote mwilini, huchukua kilokalori 580 hivi, yaani zaidi ya deni lote la zile kilomita 10! Lakini sharti ikauke. Mtungi ukiwekwa Doldol, kwenye upepo mkavu unaopasua midomo, maji yake yatauma meno. Uweke Mombasa mwezi Machi, hewa ikiwa imeshashiba mvuke: ubavu utalowa, matone yatateremka hadi sakafuni, na maji ya ndani yatabaki vuguvugu. Umevuja, haujapoza. Upake mafuta uzibe vinyweleo, na hata Doldol utashindwa kazi; ndiyo maana sina subira na wanaokimbia wamejiviringisha nailoni tumboni wakidhani wanakata kitambi.

Vitabu vya shule huiita hali hii ya hewa kushiba mvuke unyevuanga. Neno safi, lakini halitoi jasho. Watu wa Pwani wana fukuto, nami nimebaki nalo.

Fukuto halimwogopi bingwa. Doha, Septemba 2019, marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia ilianzishwa karibu saa sita usiku ili kukwepa jua. Kati ya wakimbiaji 68, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43. Januari ya mwaka uleule, Dubai, alikuwa ametumia 2:17:08.

Raha yangu ni kwamba mwili hujirekebisha. Ukizoea kukimbia kwenye joto, sehemu ya majimaji ya damu huongezeka, moyo ukapata cha kulisha misuli na ngozi kwa pamoja. Jasho huanza mapema na hutoka kwa wingi, tena chumvi yake hupungua, kwa kuwa tezi huinyonya kabla halijafika nje. Wengi huhitaji siku 10 hadi 14. Hiyo ndiyo kazi ya mbio zako za Mama Ngina kwa sasa, miguu itafuata. Mwenye shinikizo la damu aanze kwa daktari, na kizunguzungu kikija, simama.

Basi ficha saa. Kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima, upande unaopigwa na upepo wa bahari. Halafu omba likizo upande Doldol majuma matatu kabla ya mbio: Lewa hukimbiwa kwenye mita 1,700 hivi, na chembe nyekundu mpya hazitengenezwi kwa siku mbili.