Nyuma ya Picha ya Mavazi

Wengi wetu tukiiona picha ya gauni zuri katika simu ya mzazi hudhani kwamba kazi ile ni ya watu wawili tu, aliyevaa na aliyepiga. Kwa likizo mbili nimekuwa nikisaidia kazi hiyo hapa Nkuhungu kwa mama yangu mdogo, ambaye ni fundi wa kushona, nami nataka kueleza wanafanya nini wale wasioonekana.

Kwanza ifahamike kwa nini fundi wa Nkuhungu anahitaji picha. Zamani mteja alikuja na kitambaa chake, akapimwa, akaenda zake. Siku hizi mteja aweza kuwa Mwanza au Iringa, wala hajapata kuligusa gauni. Anachokijua ni picha tu. Picha ikisema uongo, gauni hurudi kwa basi. Fundi mmoja jirani yetu alishona gauni rangi ya damu ya mzee, na katika picha likatokea jekundu kama nyanya. Mteja akalirudisha. Fundi alipoteza nauli ya mzigo na kazi ya siku tatu, maana gauni lililokatwa kwa vipimo vya mtu mmoja si rahisi kumfaa mwingine.

Kazi huanza na pasi, tena pasi ya uangalifu, kwa kuwa kamera huona kunyanzi ambalo jicho husamehe. Kisha huja pini. Gauni likimzidi anayelivaa, hubanwa mgongoni kwa vibanio vile vile vya kuanikia nguo. Mbele utaona malkia, nyuma utaona kamba ya kufulia. Yuko atakayesema kuwa huo nao ni uongo. Mimi naona sivyo, kwa sababu gauni la mteja litakatwa kwa vipimo vyake mwenyewe. Ikiwa vazi ni la kanga, hapana budi jina lake lisomeke na pindo lisikatwe na ukingo wa picha. Simu nyingine zikipiga kwa upande wa mbele hugeuza picha, na jina la kanga likasomeka kinyume kama maandishi katika kioo. Mkeka nao hutandikwa chini, kwani vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi halichagui pindo la gauni jeupe.

Sasa nije kwenye kazi yangu mimi, nayo ni kushika boksi. Ni boksi kubwa la televisheni lililokunjuliwa na kubandikwa karatasi nyeupe. Anayepita njiani hucheka. Lakini boksi hilo ndilo linaloamua kama uso wa mtu utaonekana.

Sababu yake ni hii. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Hudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina mwanga wa wastani kama rangi ya kijivu. Basi mtu mweusi akivaa gauni jeupe, kamera huona weupe mwingi ikapunguza mwanga. Gauni likawa la kijivu, na uso ukazama gizani. Mpiga picha akiongeza mwanga ili uso uonekane, gauni huungua, yaani huwa jeupe tupu lisilo na mshono wala ua. Ndipo mshika boksi husogea, akaurudisha mwanga wa jua usoni, na vyote viwili vikaonekana pamoja. Ukilishika boksi chini mno, mwanga hutoka kidevuni na mtu hutisha kama mzimu. Lishike ubavuni, usawa wa kifua na bega. Hatua moja ya kusogea mbele hubadili mengi. Tena angalia ukuta ulio karibu, maana ukuta wa matofali mekundu hutia wekundu katika kitambaa cheupe.

Tatizo la uso mweusi katika picha si la leo. Kampuni ya Kodak ya Marekani, toka miaka ya 1950, ilikuwa ikiwapelekea wasafishaji wa picha kadi ya mwanamke wa kizungu, ili rangi zote zipimwe kwa ngozi yake. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Canada, aliyeandika juu ya jambo hilo mwaka 2009, alieleza kwamba filamu zilianza kurekebishwa kwa sababu, pamoja na nyingine, ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka vizuri. Nakiri kwamba habari hiyo ilinikera: chokoleti ilisikilizwa upesi kuliko watu.

Saa ya kazi nayo ina maana. Dodoma iko karibu digrii 6 kusini ya Ikweta, na jua letu hufika juu kabisa yapata saa 6 na nusu mchana. Wakati huo kivuli cha nyusi hufunika macho, na boksi halifui dafu. Kwa hiyo sisi hufanya kazi kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni.

Likizo iliyopita palitokea mabishano. Mpiga picha alitaka kutumia programu ya simu ya kung'arisha sura, akisema wateja hupenda weupe. Dada aliyevaa gauni akakataa, akasema, "Kaka, ukinibadilisha rangi, huyo si mimi tena." Mama mdogo akamwunga mkono kwa hoja yake ya kifundi: programu ile ikiung'arisha uso huing'arisha na nguo, na yeye hana kitambaa cha rangi hiyo dukani. Picha ikaachwa ilivyo.

Baadaye pini huhesabiwa, kwani moja ikisahaulika kwenye upindo itamchoma mteja. Kisha mama mdogo hukaa kivulini, akaweka kipande cha kitambaa kando ya kioo cha simu na kuzilinganisha rangi mbili hizo kimya kimya. Zikipatana ndipo hutuma.